Antena Ikikatika: Tuiunge au Tuibadilishe?

Mjadala huu nimeuweka Kakese, kata ya Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, inayosifika kwa mpunga wake. Wasemaji nimewatunga, lakini wanayoyasema kuhusu waya, mawimbi na joto la pasi ya kulehemu yanaweza kupimwa na yeyote mwenye rula, mita na subira. Nimefuata utaratibu wa mjadala wa shule zetu kwa sababu swali lenyewe lina pande mbili, na kila upande una haki yake.

MWENYEKITI: Ndugu wasikilizaji, mada yetu inasema: "Antena ya risiva ikikatika kwenye chombo cha rimoti, kuiunga ni bora kuliko kuibadilisha." Mezani kuna vitu viwili. Cha kwanza ni gari la watoto la masafa ya megahezi 27. Waya wake wa antena umekatika karibu na bodi. Cha pili ni ndege ya foamu ya gigahezi 2.4, propela yake yenyewe imeukata waya wa risiva. Anayeunga mkono mada ni Fundi Redio, anayepinga ni Mwalimu wa Fizikia. Tunataka sababu, si sauti kubwa. Fundi, karibu.

FUNDI: Ahsante, Mwenyekiti. Shikamooni wazee, habari zenu vijana. Naunga mkono mada. Gari likigoma kuitii rimoti, watu husema limekufa. Mimi nasema limeziba masikio tu. Betri ni nzima, mota ni nzima, bodi ni nzima. Kilichopotea ni kipande cha waya wa shaba. Kulitupa gari zima kwa sababu ya kipande hicho ni kumnyima mtoto mchezo na kuongeza takataka zisizooza.

Lakini kabla ya kushika pasi nathibitisha ugonjwa. Kwanza naweka betri mpya kwenye rimoti na kwenye gari, maana betri iliyochoka nayo hupunguza umbali na kuisingizia antena. Kisha nasimama karibu kabisa na gari, halafu narudi nyuma taratibu. Likitii nikiwa hatua mbili na kugoma nikiwa hatua kumi, naishuku antena. Hapo nauchezesha waya kwa vidole: palipolegea kuliko pengine ndipo nyuzi za ndani zimekatika, ingawa ganda la nje ni zima. Mwisho mita inatoa hukumu. Ncha moja naigusisha kwenye bodi, ya pili mwishoni mwa waya. Mita ikikaa kimya, njia imekatika.

MWANAFUNZI: Taarifa, Mwenyekiti! Fundi, kwa nini magari mengi hukatikia palepale karibu na bodi?

FUNDI: Kamba hukatikia pembamba, mwanangu. Ukilehemu, risasi iliyoyeyuka hupanda katikati ya nyuzi na kuzigandisha. Sehemu iliyoganda haipindi, ya mbele yake inapinda, na pale zinapokutana ndipo mtikisiko wote unapoishia. Ndiyo maana nikimaliza kulehemu naweka tone la gundi ya moto juu ya kiungo, ili waya usipindie kwenye lehemu.

Kuunga kwenyewe hakuna uchawi. Namenya ganda pande zote mbili kiasi cha sentimita moja. Shaba nyeusi naisugua kwa msasa laini mpaka ing'ae, kwa sababu risasi haishiki penye kutu. Nazivisha ncha zote mbili risasi kwanza, nazilaza ubavu kwa ubavu, nagusa pasi mpaka risasi itiririke yenyewe. Nikishaunganisha, nafunika kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Kama sina, utepe wa umeme. Kipande kikiwa kimepotea, natafuta waya wa nyuzi nyingi kutoka chaja mbovu ya simu na kuuweka mpya kuanzia kwenye bodi. Waya wa hedifoni siupendi, kwa kuwa nyuzi zake nyingi zimepakwa vanishi, na risasi haishiki mpaka vanishi hiyo iungue. Kazi yote inaisha kabla chai haijapoa, na mtoto anarudi nyumbani na gari lake. Kwa nini basi tumwambie mzazi aagize kipuri Dar es Salaam?

MWENYEKITI: Ahsante, Fundi. Mwalimu, upande wa kupinga.

MWALIMU: Mheshimiwa Mwenyekiti, kuhusu ugonjwa Fundi amesema kweli tupu. Ninapinga namna anavyoihesabu tiba. Amezungumzia waya kana kwamba kazi yake ni kugusana tu, mkondo ukipita basi yamekwisha. Antena inafanya kazi kwa urefu wake.

Mawimbi ya redio husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Ukigawa mwendo huo kwa idadi ya mitetemo ya kila sekunde, unapata urefu wa wimbi moja. Kwa megahezi 27 wimbi lina urefu wa mita 11 hivi, na antena ya robo wimbi ingehitaji karibu mita mbili na robo tatu. Hakuna gari la mtoto linaloweza kubeba mlingoti huo. Kwa hiyo waundaji huweka waya mfupi, kisha kwenye bodi huweka koili ya kufidia urefu uliokosekana. Koili ile na waya ule vimelinganishwa pamoja, kama uzi wa zeze na mahali pa kidole: ukibadilisha kimoja, sauti haitoki ileile. Mtu akiunga waya akapunguza sentimita kumi, au akarefusha akidhani waya mrefu husikia zaidi, gari litatii akiwa karibu. Mtoto atashangilia. Keshokutwa litagoma katikati ya barabara.

FUNDI: Taarifa, Mwenyekiti. Mimi sikusema tukate ovyo.

MWALIMU: Sijasema umekata, Fundi. Nasema hukutaja rula hata mara moja. Sasa twende kwenye ndege. Kwa gigahezi 2.4 wimbi zima lina sentimita 12 na nusu, na robo yake ni milimita 31. Hebu tupime kosa. Kwenye gari la megahezi 27, ukikosea milimita tano kwenye waya wa sentimita arobaini, hutaona tofauti. Kwenye ndege, milimita tano hizohizo ni karibu sehemu moja ya sita ya antena nzima. Masafa yanavyopanda, nafasi ya kukosea inasinyaa. Mkono uliozoea redio za mkulima unaweza kufanya kosa kubwa kwenye ndege bila kuliona.

Kuna jambo la pili. Waya wa risiva ya gigahezi 2.4 kwa kawaida si waya mmoja. Ni waya wa koaksi: katikati kuna uzi wa shaba, juu yake plastiki, juu ya plastiki wavu wa metali, kisha ganda. Sehemu yote yenye wavu ni njia ya kupitishia tu. Inayosikia ni ile ncha ya milimita 31 ambayo wavu wake umeondolewa. Umbali kati ya uzi wa ndani na wavu umepangwa ili njia nzima iwe na ukinzani wa omu 50. Ukiukata katikati ukauunga kwa kusokota, umbali huo umeharibika. Sehemu ya mawimbi inarudi ilikotoka badala ya kufika kwenye bodi. Na unywele mmoja wa wavu ukigusa uzi wa ndani, risiva imezibwa kabisa. Kwa hiyo kwa ndege nasema: antena mpya. Nyingi zina kichwa kidogo kinachobanwa kwenye soketi ya bodi, huhitaji hata pasi. Ila mtu asikibandue na kukibana kila siku, kwa kuwa soketi hizo huhesabiwa kudumu kubanwa mara 30 tu hivi.

MWENYEKITI: Fundi, una haki ya kujibu.

FUNDI: Mwalimu amenipa somo, naye nitampa moja. Rula nimeikubali. Kuanzia leo kila waya wa gari naupima kabla sijaugusa, kutoka kwenye bodi hadi ncha, na nikimaliza unarudi urefu uleule. Lakini kwa ndege ameruka hatua. Waya wa koaksi ukikatwa na propela, mara nyingi hukatwa mbele, mbali na bodi. Kilichobaki bado kina wavu mzuri. Nachukua wembe mkali, nazungusha taratibu, naondoa ganda na wavu kwa milimita 31, naacha plastiki ya ndani na uzi wake bila mkwaruzo. Antena imezaliwa upya. Njia ya kupitishia imefupika kidogo, na hilo halina madhara kwa sababu njia hiyo haikuwa inasikia chochote. Sikuagiza kipuri, sikuwasha hata pasi.

MWALIMU: Nakubali kwamba hilo linafanya kazi, Fundi, tena ni ustadi mzuri. Lakini angalia: hapo hukuunga kitu. Umekata upya kwa kipimo. Mada inasema kuunga.

MWENYEKITI: Hoja ya Mwalimu inaingia kwenye kumbukumbu. Kumbe kuna njia tatu, na mada yetu ilitaja mbili tu. Na ukikatika karibu na bodi, Fundi?

FUNDI: Ukibaki urefu usiofika milimita 31, au wavu ukiwa umechanika mpaka kwenye mzizi, hapo nabadilisha. Siwezi kumdanganya mteja.

MWENYEKITI: Wasikilizaji, nafasi yenu. Mama, nimeona mkono wako.

MAMA MKULIMA: Ahsante, Mwenyekiti. Mimi nalima mpunga, fizikia sikusoma. Nina maswali mawili. La kwanza: hiyo risasi mnayoyeyusha, mtoto wangu amekaa pembeni akitazama, mkono huohuo anaulia muhogo. Je, haimdhuru? La pili: gari likigoma, linasimama. Ndege ikigoma iko juu ya watu wanaovuna, inakwenda wapi?

FUNDI: Mama, la kwanza ni langu. Risasi ni kitu tunachokifahamu huku. Reli ya tawi kutoka Kaliua ilifikishwa Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi. Waya wa kulehemu wa kizamani una sehemu 60 za bati na 40 za risasi, na huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 183. Kwa joto la pasi, risasi yenyewe haigeuki moshi. Moshi unaouona ni wa ile dawa ya utomvu iliyomo ndani ya waya, na huo huwasha mapafu, hasa ya mwenye pumu. Risasi inaingia kwa njia ya mkono kwenda mdomoni. Kwa hiyo dawa yake ni dirisha wazi, meza isiyo ya chakula, na kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chochote cha kula. Mtoto atazame kwa mbali, na mabaki ya risasi asiyachezee. Upo pia waya usio na risasi, ingawa unataka joto kubwa zaidi.

MWALIMU: La pili ndilo kiini cha upinzani wangu, Mama, na umelisema vizuri kuliko nilivyolisema. Chombo cha ardhini kikikosa mawimbi, hasara ni mchezo kukatika. Chombo cha angani kikikosa mawimbi, uzito wake wote unaanguka mahali ambapo hakuna aliyepachagua, na propela bado inaweza kuwa inazunguka. Ndiyo sababu kiungo ninachokikubali kwenye gari sikikubali kwenye ndege. Shaba ni ileile na ufundi ni uleule. Kinachobadilika ni gharama ya kukosea, na gharama hiyo inaweza kulipwa na mtu asiyeshika rimoti.

MAMA MKULIMA: Basi niambieni, mkishatengeneza mnajuaje kwamba imepona kabla hamjairusha juu ya kichwa changu?

MWANAFUNZI: Mwenyekiti, naomba nimjibu Mama, kwa sababu vijana ndio tunaorusha.

MWENYEKITI: Jibu, kwa heshima.

MWANAFUNZI: Mama, kuna jaribio la umbali, na linafanywa chini kabla ya ndege kuruka. Rimoti nyingi za gigahezi 2.4 zina hali ya kujaribia inayopunguza nguvu ya mawimbi. Unaiwasha, mwenzako anaishika ndege, unatembea kama hatua thelathini huku ukichezesha usukani. Mabawa yakitii bila kutetereka, unajaribu tena mota ikiwa inazunguka, maana mota nayo huleta kelele. Rimoti za zamani zenye mlingoti wa kuvuta hujaribiwa mlingoti ukiwa umefungwa. Ikishindwa chini, hairuki. Tena kuna mpangilio wa tahadhari: unaifundisha risiva kwamba mawimbi yakikatika, izime mota yenyewe. Hilo tunalijaribu kwa kuizima rimoti ndege ikiwa mikononi, propela imeondolewa.

MWALIMU: Ongeza na namna ya kuulaza waya.

MWANAFUNZI: Ndiyo, Mwalimu. Antena nzima ikiwekwa vibaya ni sawa na iliyokatika. Ule waya mrefu wa gari haukunjwi na kufichwa ndani ya gari. Unanyooshwa juu kwenye mrija wake, mbali na ardhi. Kwa ndege inayorushwa kwenye mbuga yenye maji, uwekaji mzuri wa antena ni muhimu zaidi, kwa kuwa maji na majani mabichi hunywa mawimbi ya gigahezi 2.4. Risiva yenye ncha mbili, ncha hizo zinawekwa kwa pembe ya nyuzi 90, ili ndege ikigeuka moja ikipoteza, nyingine isikie. Na zote zikae mbali na betri, nyaya za mota na vipande vya nyuzi za kaboni, kwa sababu kaboni huzuia mawimbi.

MAMA MKULIMA: Na ruhusa ya kurusha?

MWALIMU: Swali la haki. Kurusha chombo kisicho na rubani nchini ni jambo linalosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na Mpanda pana kiwanja cha ndege. Ufundi mzuri hauondoi wajibu wa kuuliza kwanza. Na hata penye ruhusa, juu ya wavunaji si mahali pa kujifunzia.

MWENYEKITI: Mwanafunzi, kabla hujakaa: wewe uko upande gani?

MWANAFUNZI: Naunga mkono kuunga, Mwenyekiti, kwa sababu ambayo wazee hawajaitaja. Tukibadilisha kila kitu, tutajifunza kununua. Tukifungua, tutajifunza kinachofanya kazi ndani. Mwaka 1898 Nikola Tesla alionyesha mashua ndogo inayoendeshwa kwa redio katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Ilikuwa na antena yake, na watu walistaajabu. Leo teknolojia hiyo iko hapa kwetu. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupiga picha za visiwa vyake kwa ndege zisizo na rubani, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, wakafundishwa kuzirusha. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya majaribio ya kupeleka dawa Ukerewe kwa ndege kama hizo: kilomita 60 juu ya Ziwa Victoria kwa wastani wa dakika 40. Ndege hizo zina antena. Siku moja antena hizo zitakatika, na atahitajika mtu wa kuzishughulikia. Mtu huyo anaweza kutoka Kakese, akianzia kwenye gari hili la megahezi 27.

MWALIMU: Mwanangu, hoja yako inanigusa, na sitaipinga. Naiwekea sharti tu. Anayetengeneza ndege za kubeba dawa hajifunzi juu ya dawa. Anajifunza kwenye gari, chini, anapima, anaandika alichopima, anajaribu, anarudia. Akifika kwenye ndege ya dawa, anabadilisha antena kwa ile iliyoelekezwa na muundaji, bila kuona aibu kwamba hakuunga.

FUNDI: Mwenyekiti, hapo mimi na Mwalimu hatuna ugomvi tena.

MWENYEKITI: Bado mna ugomvi na mada. Ahsanteni. Nafunga uwanja wa hoja.

Sasa niseme langu, kama mwandishi. Watu wengi wakisimama mbele ya kitu kilichoharibika huanza na swali la pesa: kipi ni rahisi zaidi? Ni swali halali, hasa mahali ambapo kipuri kinasafiri mbali. Lakini kwa antena ya risiva likitangulia linapotosha. Mchoyo ataunga koaksi ya ndege kwa kusokota, na mwenye nazo atatupa gari zima kwa waya wa sentimita arobaini. Wote wawili wamekosea kwa sababu ileile: hawakupima.

Maswali yanayotakiwa ni matatu, na yana mpangilio wake. Kwanza, ni masafa gani? Jibu lake linakuambia kosa linaruhusiwa kiasi gani. Pili, umekatikia wapi? Waya wa kawaida uliokatika popote unaungika ukirudishiwa urefu wake. Koaksi iliyokatika mbele inamenywa upya kwa milimita 31. Koaksi iliyokatika mzizini inabadilishwa. Tatu, mawimbi yakipotea, nani ataumia? Kama ni mchezo tu, unga na ujifunze. Kama kuna mtu chini, badilisha, kisha jaribu hatua thelathini kana kwamba hujabadilisha chochote, kwa sababu antena mpya iliyobanwa vibaya haina tofauti na iliyokatika.

Kwa hiyo mada kama ilivyoandikwa naikataa, na kinyume chake nakikataa pia. Lakini katika moyo wa mjadala niko pamoja na Fundi na Mwanafunzi: nchi ambayo watoto wake wanajua kwa nini waya una urefu huu na si ule, ni nchi itakayotengeneza vyombo vyake yenyewe. Elimu hiyo haihitaji maabara ya kifahari. Inahitaji shule ziwe na pasi, mita, rula na fundi wa mtaani anayealikwa darasani kwa heshima, akae meza moja na mwalimu wa fizikia. Fundi anajua mahali waya unapokatikia. Mwalimu anajua kwa nini urefu wake una maana. Wakifundisha pamoja, mama anayevuna hatakuwa na sababu ya kuogopa kinachopita juu yake, kwa kuwa walioitengeneza antena watakuwa wameipima, na wataweza kumwonyesha vipimo vyao.